Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: mkataba usisainiwe mlangoni pa ndege

Mheshimiwa Waziri,

Mdogo wangu alisaini mkataba wake wa kazi ya Saudia usiku, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, amepiga magoti, karatasi kaziweka juu ya begi. Ajenti alimkabidhi mkataba pamoja na tikiti: upande mmoja Kiarabu, upande mwingine Kiingereza, na foleni ilishaanza kusogea. Nilimsindikiza kutoka Mombasa. Nikasema, "Mwache asome kwanza." Ajenti akanijibu, "Dada, ndege haimngojei mtu."

Nakuandikia kwa sababu mjadala wa Kazi Majuu, mpango wa serikali wa kuwapeleka Wakenya kazi za nje, umegeuka kuwa hesabu ya nafasi na fedha. Fedha sizibezi. Mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, na mabati ya mama yangu yalinunuliwa kwa riyali. Wala siko pamoja na wanaotaka mlango ufungwe. Wafanyakazi wa nyumbani walifungiwa safari za kazi za Mashariki ya Kati 2014, na wasichana wakapitishiwa Uganda, ambako serikali yetu haikuweza hata kuwahesabu. Marufuku ikaondolewa 2017. Waende, lakini waende wakijua walichokisaini, na huku nyumbani abaki mtu wa kuwajibika.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba, naye asiushuhudie mpaka aridhike kwamba mfanyakazi ameuelewa na amekubali kwa hiari. Inadai pia dhamana kwa mwajiri asiyekaa Kenya, na wadhamini wawe wakazi wa humu nchini. Usiku ule sikumwona afisa yeyote. Mdhamini naye sijui ni nani mpaka leo.

Mheshimiwa, kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, akishatua kule, maisha yake yamo mkononi mwa kafili, mwajiri anayemdhamini. Saudia ilipolegeza mfumo huo wa udhamini, kafala, Machi 2021, baadhi ya wafanyakazi wakaruhusiwa kubadili kazi na kusafiri bila idhini ya mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Mdogo wangu alikuwa akinitumia sauti kutoka bafuni, maji ya bomba yakimwagika ili madamu asisikie. "Da, leo mwezi wa tatu sijaona mshahara." Nikaenda kwa ajenti. Akaniambia mshahara ni shauri ya kafili, yeye kazi yake iliishia uwanja wa ndege. Wakenya wa kule humwita anayetoroka "kemboi", jina la yule bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji. Lakini ukikimbia, kafili anakuripoti kuwa mtoro, na kutoka hapo mwenye kosa ni wewe, uliyedhulumiwa. Mdogo wangu hakukimbia. Alivumilia akamaliza miaka miwili, akarudi na nusu ya alichokifanyia kazi.

Wafilipino walipita njia hii kabla yetu. Baada ya Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani, kunyongwa Singapore Machi 1995, hasira za wananchi zilikuwa kubwa hata bunge lao likapitisha sheria mwaka uo huo: ajenti na mwajiri wa nje wanadaiwa pamoja. Mshahara usipolipwa kule ng'ambo, ajenti wa Manila anaulipa. Hilo ndilo ninalokuomba ulipeleke bungeni. Mimi siwezi kumshtaki kafili Riyadh. Ofisi ya ajenti ni mwendo wa matatu moja tu kutoka kwangu, na mahakama ya kazi iko hapa hapa Mombasa.

Kabla ya bunge, liko jambo usilohitaji kura ya mtu. Agiza mkataba ufike mkononi mwa msichana akiwa bado kwao, siku kadhaa kabla ya safari, kwa Kiswahili, na afisa wako wa kaunti amsomee mbele ya mzazi au ndugu. Karatasi isiyo na muhuri wa afisa huyo isimpandishe mtu ndege.

Mkataba wa mdogo wangu ninao, na zile sauti za bafuni bado ziko kwenye simu yangu. Mdogo wangu ameridhia nikuletee vyote. Nitakuja Nairobi siku utakayoniita.

Dada yake,
Mombasa