Jumamosi tunashona pajama

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Jumamosi saa nne asubuhi, palepale barazani, tunashona suruali za pajama. Kila mmoja aje na kitenge cha pamba yadi 3, lastiki ya inchi 1 na suruali ya zamani inayomkaa vizuri.

Jamani, kitambaa kifuliwe na kuanikwa kabla ya kuja. Pamba hurudi ikiingia majini, na ukishakata huna la kufanya. Pale soko la Mwanga vitenge vimejaa, lakini si vyote ni pamba. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kwa joto letu la huku Kigoma, ya polista utaivua usiku wa manane.

Suruali ya zamani tutaikunja na kuchora kufuata umbo lake kwenye gazeti. Angalieni sana mpindo wa katikati, pale miguu ya suruali inapokutana: mpindo wa kipande cha nyuma lazima uwe mrefu na wenye kina kuliko wa mbele, la sivyo ukichuchumaa inakushuka. Mshono wa mpindo huo tutaupitisha mara mbili, ndio unaobeba kazi yote.

Lastiki ikatwe pungufu ya kiuno kwa inchi 2.

Wasio na cherehani waje tu. Sindano ya mkono inatosha, na mama zetu wa Ujiji watatuonyesha. Nani analeta pasi ya mkaa?