Barua kwa Patient, kuhusu zile pampu

Lubumbashi, Kampemba

Ndugu yangu Patient,

Jambo kwako, kwa mama wa watoto na kwa watoto wote. Huku tuko wazima, mvua imeanza na njia yetu ni matope matupu. Kaka Trésor alipita hapa nyumbani akasema pampu mbili zinakusumbua, moja haiwaki kabisa na nyingine inazima yenyewe; siku hizi unatoka kazini saa nne za usiku, Jumapili nayo haikuachi, na bado mkuu wako anakuambia uko polepole. Nimeshindwa kunyamaza. Mtu aliyechoka hivyo hafai kuingiza mikono ndani ya kabati la umeme. Naomba unisikilize.

Muda wako hauliwi na kutengeneza, unaliwa na kutafuta. Kubadilisha koili ya kontakta, yaani sumaku ya ile swichi kubwa inayowasha mota, ni kazi ya dakika chache. Kinachomaliza mchana ni kufika kwenye hiyo koili ukiwa na hakika kwamba ndiyo mbovu. Usikimbizane na bisibisi, punguza kutafuta.

Chukua ile pampu ambayo haiwaki kabisa. Njia yake ya kuamuru, yaani nyaya ndogo zinazoiambia kontakta iwashe au izime, ina fyuzi, kitufe cha dharura, kontakti 95-96 (namba za namna hii ni za terminali) ya relei ya joto, ile inayokata umeme mota ikivuta ampea nyingi mno, kitufe cha kuzima, kitufe cha kuwasha 13-14, pengine swichi ya kiwango cha maji, halafu koili A1-A2. Wengi wanaanzia kwenye fyuzi na kupima kimoja kimoja mpaka mwisho. Wewe kata katikati. Kwanza hakikisha mita yako inafanya kazi kwa kuigusisha mahali penye umeme unaoujua. Bana waya mweusi wa mita kwenye A2, uuache hapo. Gusa mwekundu mwanzo wa njia, kabla ya fyuzi: usipoona volti hata hapo, basi ugavi wenyewe haupo au waya wa kurudi umekatika, na utakuwa umejiokoa na saa nzima. Volti zikiwepo, mwambie msaidizi abonyeze kitufe cha kuwasha asikiachie, nawe uguse katikati. Ukiona volti kamili, shida iko mbele, upande wa koili. Usipoona kitu, shida iko nyuma yako. Kata tena nusu iliyobaki. Sehemu 16 zinaisha kwa vipimo 4.

Jambo moja linadanganya watu sana hapo: mita ya kidijitali ikigusa waya uliokatika unaopita karibu na nyaya zenye umeme inaweza kuonyesha volti 60 au 90 zisizo na nguvu yoyote. Ukiona namba ya ajabu ya namna hiyo usiiamini. Pima tena kwa taa ya kupimia, au kwa mita yenye uwezo wa kujiwekea mzigo mdogo. Volti za uongo zitazima, za kweli zitabaki.

Na usibadilishe vitu viwili kwa mara moja! Pampu ikiwaka hutajua ni kipi kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya.

Sasa ile ya pili, inayozima yenyewe baada ya nusu saa. Trésor anasema kuna mtu amekushauri upandishe kipimo cha relei ya joto. Tafadhali usifanye hivyo. Relei inapiga kelele kwa sababu mota inaungua. Iweke kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota na uiache hapo. Kisha pima volti kati ya fazi, yaani nyaya tatu za umeme zinazoilisha mota, zote tatu, pampu ikiwa inafanya kazi. Tuseme umepata 400, 392 na 378. Wastani ni 390, iliyo mbali zaidi na wastani inapishana nao kwa 12, basi 12 gawanya kwa 390 ni kama 3 kwa mia. Inaonekana ndogo, lakini tofauti ya ampea inaweza kuwa mara 6 hadi 10 ya hiyo. Kanuni za NEMA, shirika la watengenezaji wa vifaa vya umeme wa Marekani, zinataka mota ipunguziwe mzigo tofauti ya volti ikipita 1 kwa mia, na isitumike kabisa ikipita 5.

Halafu kata katikati tena, maana ni kazi ile ile: je, ubaya unatoka kwenye umeme au kwenye mota? Pima ampea za kila waya, ziandike. Zima, funga kwa kufuli, hakikisha hakuna volti. Sogeza nyaya zote tatu za mota nafasi moja mbele: wa kwanza uende kwa pili, wa pili kwa tatu, wa tatu kwa kwanza. Mzunguko haugeuki ukisogeza zote tatu. Washa upime tena. Ampea kubwa ikibaki kwenye fazi ile ile ya ugavi, tafuta huko: terminali iliyolegea, kontakti iliyoungua, fyuzi dhaifu. Ikihama pamoja na waya wa mota, basi ni mota au kablo yake, chukua megomita ya volti 500, ile mita inayopima kama umeme unavuja kwenye nyaya. Mota ya kawaida ya volti 400, kizuizi chake dhidi ya uvujaji kikishuka chini ya megaomu 5, usiirudishe kazini. Ila kama kuna variatori, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, itenganishe kwanza. Megomita itaua elektroniki zake.

Kabla hata ya kutoka ofisini, piga simu kwa anayeendesha mashine. Ilifanya kazi mara ya mwisho lini? Nani amegusa nini tangu hapo? Kontakta inalia ukibonyeza? Majibu hayo mara nyingi yanakukatia nusu ya kwanza bila mita. Na uliza koili ni ya volti ngapi, 24, 110 au 220, usije ukafika na kipuri kisichoingia. Skema nayo, ule mchoro wa nyaya: waya ukihamishwa leo, uchore leo leo kwa kalamu nyekundu. Karatasi inayosema uongo inaharibu siku kuliko kukosa karatasi.

Mama Béa anakusalimu, anasema mzigo wake bado uko kwako.

Sasa nijibu haraka. Mota hiyo kibati chake kinasema ampea ngapi? Fazi zote tatu umewahi kuzipima au moja tu? Vyumba vya kabati vinaingia vumbi au unyevu? Msaidizi una nani, yule mtoto wa Katuba bado yuko? Na kule Kolwezi megomita unayo yako, au nimpe Trésor hii yangu Ijumaa akuletee? Nitumie pia picha ya skema, hata kama imechanika.

Wako,
Dieumerci