Nyoka wetu anataka mijusi kafiri tu, na baridi ndiyo hiyo inaingia

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Arusha. Kazi yangu ni kutunza nyoka katika bustani moja nje kidogo ya mji. Bustani ina kibali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwa hiyo wasomaji wasinielewe vibaya wakadhani nimefuga nyoka kwenye chumba cha kupanga. Chumbani kwangu hakuna nyoka. Kuna chupa ya mijusi, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Tuna nyoka mdogo wa jamii ile ya kahawia inayopenda kuingia majumbani na kwenye maghala. Ana mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini yake. Hana sumu. Hutoka usiku, hukamata windo lake, hulibana kwa kujizungusha, kisha hulimeza. Akikomaa chakula chake kikubwa ni panya, na mimi ningekuwa na ghala la mahindi ningemkabidhi funguo. Ila wakiwa wadogo, nyoka hawa huko nje huishi sana kwa mijusi. Huyu wetu aliletwa na mama mmoja wa Tengeru aliyemkuta kando ya gunia akamfunikia beseni badala ya kumponda, Mungu ambariki. Tunamwita Bwana Mdogo, ingawa hakuna aliyethibitisha kama ni dume.

Basi Bwana Mdogo hali kitu kingine chochote zaidi ya mjusi kafiri. Pale kazini tunazalisha panya weupe kwa ajili ya nyoka wengine. Vitoto vyao vya siku moja mbili, ambavyo havijaota manyoya, vina gramu 1 hadi 2, na kwa unene wake hiyo ndiyo saizi yenyewe. Tunavihifadhi kwenye friza, navitoa, navipasha kwenye maji ya moto kiasi mpaka vipate joto la kiumbe hai, namsogezea kwa kibano. Anatoa ulimi, anarudi nyuma, anaficha kichwa chini ya mikunjo yake. Nikimletea mjusi, hata kifuniko sijarudisha ameshamkaba.

Mijusi wenyewe nawatoa ukutani. Nakaa Sakina, nyumba za kupanga, na uani kuna taa inayovuta wadudu, wadudu wakavuta mijusi. Kwa hiyo majirani wananiona usiku nimesimama na ufagio mkononi na chupa ya plastiki kwapani, macho juu. Mwanzoni walicheka. Siku hizi wananisalimia kwa mbali. Mama mwenye nyumba aliniita akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hao wadudu nawapeleka kwa mganga. Nikamwambia ni chakula cha nyoka. Daktari, nadhani jibu la mganga lingemtuliza zaidi.

Lakini si aibu tu inayonifanya nitake kumbadilisha. Mjusi wa ukutani hujui amebeba minyoo gani, na hujui jirani alipuliza dawa gani ya mende jana yake, mende akala, mjusi akamla mende. Halafu kuna baridi. Wanaoijua Arusha wanajua Juni mpaka Agosti usiku huteremka hadi karibu nyuzi 12, na mijusi wanajichimbia kwenye nyufa, ukutani humwoni hata mmoja. Wakati huohuo nyoka naye, asipopata joto, tumbo lake halisagi chakula, na alichokula anaweza kukitapika. Nina balbu upande mmoja wa boksi lake na umeme ukikatika naweka chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kitambaa. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuwa na gramu 15. Sasa ana 13, na ukimtazama kwa juu uti wa mgongo umeanza kuchora mstari. Si kwamba anakataa chakula kwa sababu anakaribia kujivua gamba. Macho yake hayajaingia ule ukungu wa bluu, na ngozi inang'aa.

Nyoka huamua kwa harufu. Ulimi hubeba chembe za harufu hadi kwenye kiungo kilicho kaakaani, na hapo ndipo anapojua kama hiki ni chakula au si chakula. Kwa hiyo nilianzia hapo. Nilikiosha kitoto cha panya kwa sabuni isiyo na manukato, nikakisuuza, nikakikausha, nikakisugua kwa mjusi aliyekufa kuanzia puani hadi mgongoni. Alikuja. Ulimi ukaenda kasi, akagusa kwa mdomo, akasimama hapo kwa muda mrefu kiasi kwamba mkono wangu ulianza kutetemeka na kibano, kisha akageuka. Mara nyingine nikachukua mkia wa mjusi (mjusi kafiri ukimbana anakuachia mkia, mnajua) nikauchomeka kwenye mdomo wa kile kitoto cha panya ili aanze na mkia amalizie na panya. Akaung'ata mkia, akauchomoa taratibu, akaumeza wote. Panya akamwacha palepale. Ni kama mtoto aliyetoka likizo kwa bibi, anakula nyama anakurudishia ugali.

Kitu kilichonipa moyo ni hiki. Nilimpa mjusi mdogo, na alipokuwa amebakiza miguu ya nyuma nikasogeza kitoto cha panya kikafuata nyuma ya mjusi, pua yake ikigusa mkia. Taya zilikuwa bado zinatembea, zikaendelea, wote wawili wakaingia. Hakutapika. Nikadhani tumemaliza kazi. Zamu iliyofuata nikampa panya peke yake, akamkataa kama hajawahi kumwona.

Ushauri ninaoupata umenichanganya. Mkubwa wangu kazini anataka nyoka huyu awe tayari kwa wanafunzi wanaokuja kutembelea, wamshike, waone kwamba si kila nyoka ni wa kuua. Nia njema, lakini anasema nimshindilie chakula kooni kwa kijiti kilichopakwa ute wa yai, kama alivyowahi kumfanyia chatu. Chatu ni chatu. Huyu taya lake ni jembamba kuliko hicho kijiti, na nyoka aliyeshindiliwa mara nyingi hukitema, akabaki na mdomo uliochubuka na woga juu yake. Mwenzangu mwingine anasema nimnyime tu mpaka asalimu amri. Angekuwa mnene ningekubali, maana nyoka mzima mwenye akiba anaweza kukaa bila kula muda mrefu bila madhara. Huyu hana akiba. Mgeni mmoja alipendekeza dagaa. Nilimshukuru, lakini huyu si nyoka wa majini. Daktari wa mifugo tunayemtegemea ni wa ng'ombe na mbuzi, na alipomwona alisema sindano yake ndogo kuliko zote ni ndefu kuliko kichwa cha mgonjwa.

Mimi mwenyewe naelekea kwenye njia ya kumpunguzia: mjusi mzima na panya nyuma yake, baadaye nusu mjusi, baadaye mkia tu, baadaye kipande cha ngozi juu ya pua ya panya, mwisho harufu peke yake. Sasa naomba unisaidie hapa. Niianze njia hiyo sasa, wakati baridi inaingia na uzito unashuka, au nimlishe mijusi mpaka anenepe, nimvushe kipupwe, nianze kumbadilisha Septemba? Nikichagua la pili itabidi niwakusanye mijusi sasa hivi niwagandishe, na sijui kama atamkubali aliyetoka kwenye friza, maana mpaka leo nimempa wenye uhai tu. Huenda anachotaka si harufu peke yake, ni kule kutapatapa. Na akishuka chini ya gramu 12, je, hapo ndipo mtu anaacha ubishi na kumpa anachokitaka?

Kuna pia fundi mmoja wa nyoka aliyeniambia harufu hukolea zaidi ukimchemsha mjusi, ukamchovya panya kwenye ule mchuzi. Kama wewe au msomaji yeyote amewahi kuona hilo likifanya kazi, naomba anijulishe mapema nikanunue sufuria nyingine, kwa sababu jiko ninalotumia ni la uani na tunachangia na wapangaji wote.

Jina langu unalo, ila naomba lisichapwe kwa sababu ya mama mwenye nyumba.

Mtunza nyoka,
Sakina, Arusha