Mhariri, tupeni kona ya mambo ya Mwanza kila Ijumaa

Mwangaluka mhariri,

Kuna kitu kinaniuma na nyie mnaweza kukirekebisha bila gharama yoyote ya maana. Mji wetu una mambo mazuri kibao sema hatuambiwi mpaka yapite. Gazetini tutajua msanii gani wa Dar anatoa albamu na shoo inafanyika ukumbi gani kule, ila ngoma inayopigwa Kisesa wikiendi hii tunaisikia Jumatatu, tena kwa picha za watsapu.

Chukulia Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Mwezi wa sita, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, pale Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza, na utamu wenyewe ni kwamba wanacheza muda uleule, huku hawa na kule wale, watu wanakimbilia upande unaowavuta na penye umati mkubwa ndo pameshinda, yani jaji ni mtazamaji na miguu yake. Kuna wacheza ngoma ya bugobogobo na majembe yao, kuna wanaocheza na chatu, we acha tu. Bujora ilianzishwa miaka ya 1950 na padri David Clement, Mkanada, na kutoka mjini ni kupanda daladala ya Kisesa tu, lakini kuna vijana wa Nyamagana wamemaliza mpaka chuo hawajawahi kuliona lile jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi. Hilo linanisikitisha kweli.

Filamu nazo. Vijana wanashuti filamu fupi kwa kamera za kukodi, wengine kwa simu, juu ya mawe na kule mwaloni Kirumba, watu wanaongea Kiswahili chetu chenye Kisukuma ndani na unamuelewa kila mtu. Mimi naona hizi zina ukweli kuliko muvi za majumba ya kifahari na magari ya kuazima. Zinakosa watazamaji kwa sababu hakuna anayesema inaonyeshwa wapi na saa ngapi, basi. Fid Q, yule wa hip hop, katokea mji huuhuu, kwa hiyo vipaji tunavyo tangu zamani.

Na ubunifu jamani, ubunifu! Wavuvi wa dagaa walikuwa wanategemea karabai za mafuta ya taa usiku kucha, sasaivi wengi wana taa za betri na sola, ukikaa ufukweni usiku usio na mbalamwezi ziwa linawaka kama mji mwingine umehamia majini. Mafundi wanaozifunga na kuzitengeneza zikiharibika wako mitaani kwetu, ni nani amewahi kuwahoji? Ngozi ya sangara nayo ikichakatwa vizuri inatoa viatu na pochi, na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi hapahapa. Mtu anaagiza pochi Kariakoo analipia na usafiri juu wakati fundi wa ngozi yuko hapahapa mjini. Nguo ndo usiseme, nenda masoko ya Makoroboi au Mlango Mmoja uone watu wanavyochagua kitu kizuri kwa hela ya kawaida, halafu mpelekee fundi cherehani wa mtaani kwako akirekebishe.

Ombi langu ni hili. Mtupe kona, hata robo ukurasa, kila Ijumaa kabla watu hawajapanga wikiendi: ngoma iko wapi, filamu inaonyeshwa wapi, kiingilio shilingi ngapi, fundi gani katengeneza nini kipya na anapatikana mtaa gani. Ilemela na Nyamagana zote, na msiwasahau wenzetu wa Sengerema na Ukerewe maana nao wana vyao na wanakuja mjini kila siku. Taarifa tutawaletea wenyewe wasomaji, vikundi vya ngoma wataleta, mafundi wataleta, nyie mhakikishe tu siku na bei ni sahihi kabla ya kuchapa.

Ni mimi msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza