Shukrani kwa fundi aliyefunika kisima chetu

Assalaam alaykum. Ewe fundi uliyefunika kisima cha mtaani kwetu hapa Wete ukaondoka bila kutaja jina, ahsante sana. Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Mfuniko tumeukagua: mbao nene, bawaba mbili za chuma, komeo na kufuli. Kilichotugusa zaidi ni lile jiwe la kukanyagia, umelisogeza mbali. Ukuta wa mita moja haumzuii mtoto aliyepata pa kupandia.

Hofu sasa imebaki majumbani. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akiinamia ndoo ya lita 20 iliyojaa, ndoo haipinduki, maana ina kilo 20 za maji. Yeye ndiye anayetumbukia, kichwa chini miguu juu. Wala hapigi kelele, hana pumzi ya kulilia. Maji ya sentimita 5 tu kwenye beseni yanatosha. Basi maji ya kuogea yamwagwe papo hapo, pipa lifunikwe, mlango wa choo uwe na komeo la juu.

Na akitolewa majini hapumui, jamani, asining'inizwe miguu juu wala asikamuliwe tumbo! Apuliziwe pumzi 5 kwanza, kisha kifua kibonyezwe mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kusita, huku mwengine akitafuta gari.

Ufunguo wa akiba uliotuachia upo kwa jirani wa kisima, umetundikwa juu kabisa ya mlango.