Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: JWH-018 na Majibu Hasi Yanayopotosha

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye JWH-018, kemikali ya kutengenezwa inayouzwa kama "bangi bandia", iliyochukua sehemu kubwa ya mafunzo yetu mwaka huu.

Molekuli hii, C24H23NO, ilitoka maabara ya John W. Huffman, Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, kwa ajili ya utafiti. Kwa umbo haifanani kabisa na THC, kemikali inayolevya ya bangi: ni indoli (pete mbili zenye nitrojeni) yenye mkia wa kaboni tano, ikabebeshwa naftaleni (pete mbili za kaboni). THC hukiamsha kipokezi cha CB1, kile cha ubongoni ambacho bangi hukitumia, nusunusu tu. JWH-018 hukiamsha kikamilifu, tena hukishika kwa nguvu takriban mara nne zaidi. Ndipo mgonjwa huletwa ana degedege, anatapika, moyo unakwenda mbio. Dawa ya kuitangua haipo; hutulizwa kwa diazepamu na kuangaliwa kwa karibu.

Tuje maabara. Stripu ya mkojo hunasa masalia ya THC tu (yaani kinachobaki mwili ukishaivunja), si ya JWH-018, basi jibu hasi halimsafishi mtu. JWH-018 yenyewe karibu haionekani kwenye mkojo; yanayotafutwa ni masalia yake, na mengi yamefungwa na glukuronidi, aina ya sukari ambayo mwili huyabandika ili yatoke. Sampuli isipotangulia kutiwa kimeng'enya cha beta-glukuronidasi, mashine itawapa kidogo sana au isiwape kitu. Mkikuta salio lenye asidi ya pentanoiki, msikimbilie kuandika JWH-018: AM-2201, ndugu yake wa karibu, nayo huacha asidi hiyohiyo. Cha kutofautisha ni salio lenye haidroksili (oksijeni na haidrojeni) kwenye kaboni ya nne ya mkia.

Kwa majani yaliyotiwa kemikali hii ili yavutwe, sageni paketi nzima na kuchanganya kabla ya kuchota. Kemikali hujikusanya upande mmoja wa paketi (ndiyo ajali ya mvutaji pia, akiangukia sehemu yenye nyingi). Kwenye LC-MS/MS, mashine inayotenganisha kemikali na kupima uzito wa vipande vyake, fuateni uzito 342 ukivunjika kuwa 155 na 127, lakini isomeri (molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti) zina uzito uleule, hivyo linganisheni muda wa kutoka mashineni na sampuli rejea, yaani kemikali safi inayojulikana.

Kisheria, JWH-018 ilitambuliwa ndani ya "Spice", majani ya kuvuta yaliyouzwa madukani, Desemba 2008 na Ujerumani ikaipiga marufuku Januari 2009. Uingereza ilifuata Desemba 2009, Marekani Machi 2011, na mwaka 2015 ikaingia Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Watengenezaji hawakungoja: AM-2201 ni molekuli ileile iliyoongezewa florini moja mkiani. Ripoti inayoandika "bangi bandia" tu haimsaidii mwendesha mashtaka. Itajeni molekuli yenyewe.

Kamati inaomba idhini yenu kununua sampuli rejea za molekuli hizi mbili na masalia yake.