Chura wetu na maji ya Takwa

Mkomani, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, baba watoto na mwanao hamjambo huko Mombasa. Sisi hapa tu wazima. Bibi magoti yanamsumbua, ila ulimi wake uko vile vile unavyoujua. Kusi inavuma kwelikweli wiki hii, abiria wa Shela wanateremka mashuani wamerowa mpaka mabegani, na usiku madirisha hayatulii. Nimekaa ndani nikilitengeneza gemu letu la kompyuta tangu Ijumaa. Nina jambo la kukuomba, ndiyo maana naandika badala ya kukutumia sauti kwenye simu, lakini kwanza nikupe habari.

Sehemu ya Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda, imekwisha! Unakumbuka tulipopelekwa na darasa, nahodha akatuhimiza tuondoke upesi kabla maji hayajakupwa tukakwama? Jambo lile ndilo moyo wa gemu sasa. Kila dakika 6 za kucheza, maji yanageuka. Mkondo wa mikoko nimeuchorea ramani mbili. Yakijaa, dau linapita mpaka karibu na magofu na unaweza kuufikia ule msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Yakikupwa, dau linalala topeni, mizizi ya mikoko inatokeza, kaa wanatoka mashimoni, na njia za miguu ambazo hazikuwepo zinafunguka. Mchezaji asiyetazama maji atakwama kama ambavyo tungekwama sisi. Na mwisho wa sura ya pili, kwenye Vita vya Shela, majahazi ya waliotoka Pate na Mombasa kuishambulia Lamu yanapokaukiwa ufukweni, mchezaji atakuwa ameshaonja mwenyewe maana ya kukupwa. Sitahitaji kumweleza.

Ngome ya Lamu niliichora nzima pale Mkunguni, minara na yote, siku nne za kazi. Kisha nikakumbuka kwamba haikukamilika mpaka 1821, na hadithi yetu ni ya kabla ya hapo. Nikaifuta. Sasa pana chungu za mawe, tanuri la chokaa na watu wanaobeba boriti za mikoko, na kusema kweli mahali pamependeza kuliko mwanzo.

Lililonitoa jasho ni ngeli. RPG Maker MV, programu ninayotengenezea gemu, ina sentensi zake tayari, wewe unazitafsiri mara moja tu na programu inachomeka jina la kitu mbele. Nikaandika "imepatikana". Dawa imepatikana, sawa. Halafu mdogo wangu anacheza, kinatokea kisanduku: "Kisu imepatikana!" Akaendelea: "Upanga imepatikana! Majani ya mwarobaini imepatikana!" Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, mimi nikataka kulia. Nikajaribu kukwepa kwa kuandika "Umepata:" kisha jina la kitu, na kwenye masanduku ya hazina inafaa. Lakini vitani kitu kinavunjika, kinapotea, kinawaka moto, na huwezi kukwepa kila mahali. Gemu linalosema "ngao imevunjika" na "kisu imevunjika" kwa pumzi moja si la Kiswahili, ni la kigeni lililovishwa kanga.

Kumbe kila kitu humo kina kisanduku kidogo cha maelezo ambacho mchezaji hakioni. Nikawa naandika humo ngeli ya kitu: kisu ki, upanga u, majani ya, jiwe li. Kisha nikaandika mistari kama thelathini ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu, inayosoma alama ile kabla sentensi haijatoka, ikaweka kiambishi chake. Wiki mbili, shoga. Usiku ule kilipotokea "Kisu kimepatikana!" niliruka nikamwamsha bibi. Na kuna mahali Kiswahili kimenibeba: wanaotafsiri kwa Kiingereza mara nyingi hutakiwa wajue shujaa ni mume au mke ili waandike yeye wa kiume au wa kike. Sisi "amepigwa", "ameshinda", basi, yeyote awaye.

Bibi naye ana mkono wake humu. Nilimsomea maneno ya mvuvi mzee wa Matondoni, akaniuliza mbona mzee wa watu anasema kama mtangazaji wa redio. Akaketi nami majioni matatu, tukayabadilisha maneno ya wazee wote. Sasa mvuvi anasema mai, si maji, ndia, si njia, na anapomwita binti yake anamwambia "Ndoo!", yaani njoo. Kaka alidhani anaomba ndoo ya kuchotea maji ya dauni. Nimeliacha hivyo hivyo. Wa bara atajifunza, na wa Amu atajisikia yuko kwao.

Vita vyenyewe bado havijakaa sawa. Programu inapiga hesabu hivi: nguvu ya mpigaji mara 4, toa kinga ya anayepigwa mara 2. Kaa wa mikoko nilimpa kinga 20, na binti wa mvuvi anaanza na nguvu 10, kwa hiyo pigo lake ni sifuri. Mdogo wangu alimpiga kaa yule robo saa nzima, jicho halibanduki. Nimemshusha kaa mpaka 14, sasa kila pigo linamtoa 12 na anakufa kwa adabu. Punda amekamilika pia: picha tatu za hatua kwa pande nne, jumla 12. Niliketi dirishani juu asubuhi nzima nikitazama miguu ya punda wa mawe wanaopita chini, maana wangu wa kwanza alikuwa anatembea kama mbuzi.

Lililoniumiza ni la Ramadhani. Kompyuta ilizima, nikampelekea fundi, naye akafuta kila kitu akaweka programu mpya bila hata kuniuliza mna nini ndani. Ramani tatu za Siyu zilikwenda, pamoja na sauti ya bahari tuliyoirekodi mimi nawe kule Shela kabla hujaolewa. Ramani nitachora tena. Ile sauti ilikuwa na kicheko chako mwishoni. Tangu siku hiyo naweka nakala mahali pawili, flashi yangu na kompyuta ya kaka.

Sasa ombi langu. Ni juu ya Chura.

Najua tulianza kwa ajili yake. Najua tulivyokuwa tukiingoja zamu yetu kwenye kompyuta ya kaka tucheze Chrono Trigger, gemu la 1995, na wewe hukumtaka yeyote ila Glenn, askari aliyegeuzwa chura. Daftari letu linaanza naye: mlango wa wakati unafunguka mwaka 600, unamtupa kwenye mikoko ya Manda. Maandishi ni yako, wino wa kijani.

Lakini nimesoma yaliyowapata wenzetu wa Crimson Echoes. Nao walikuwa mashabiki tu, walianza kuitunga hadithi ya kuendeleza gemu lile lile mwaka 2004. Mei 2009, wiki chache kabla hawajalitoa, ikaja barua ya Square Enix, kampuni yenye gemu lile, ya kuwataka waache. Wakaacha. Miaka 5! Hawakuwa wakiuza kitu. Nikifikiria barua kama hiyo inatufikia baada ya Takwa, baada ya majioni matatu ya bibi, usingizi hauji. Chura si wetu, shoga, tumemwazima. Maji ni yetu, punda ni wetu, "Kisu kimepatikana" ni yetu.

Nataka tumrudishe kwao, pamoja na milango ya wakati na ule wimbo wake tulioukopa. Gemu lifunguliwe na binti wa mvuvi. Lakini sitamgusa bila ridhaa yako, na nafasi yake siwezi kuijaza mimi. Aliyemwandika ni wewe.

Flashi nimempa binamu yako, anavuka Mokowe Jumatano alfajiri apande basi. Fungua faili ya tatu. Ngoja maji yakupwe, shuka dauni, fuata mizizi upande wa kushoto mpaka ufike pale alipokuwa anaanguka. Nimemwondoa kwa majaribio tu, nyayo zake nimeziacha kwenye tope. Simama juu yake ubonyeze. Kisanduku kitafunguka kitupu. Andika humo, kisha unirudishie.

Wako,
wa dirisha la juu, Mkomani